Louis Rwagasore: mwanamfalme aliyeanzia siasa sokoni

Kila tarehe 13 Oktoba, kuanzia Bujumbura hadi vilima vya Makebuko mkoani Gitega, Warundi humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mwaka 1961 nchi ikiwa bado haijapata uhuru. Kwa Waswahili wa Burundi kumbukumbu hiyo ina uzito wa pekee, kwani walisimama naye tangu mwanzo wa harakati zake.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, akiwa mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida nchini Rwanda, kisha Ubelgiji, na kurejea nyumbani mwaka 1956. Nasaba yake ilitosha kumpa cheo na maisha ya raha. Hata hivyo, mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika ili wafanyabiashara na wakulima wa Kiafrika wanunue na kuuza bila kuwategemea wageni walioishika biashara. Wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumuunga mkono. Baadaye ushirika huo ulilemewa na madeni, na utawala wa Kibelgiji ukaingilia kati na kuudhibiti.

Nguvu zake alizielekeza katika chama cha UPRONA, kilichodai uhuru wa haraka chini ya ufalme na kuwakusanya pamoja Wahutu, Watutsi, Waganwa wa ukoo wa kifalme na Waswahili wa mjini. Alishirikiana na Julius Nyerere wa Tanganyika na kuvutiwa na Patrice Lumumba wa Kongo. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walimshuku kuwa mkomunisti, wakakipendelea chama pinzani cha PDC.

Mwishoni mwa mwaka 1960 Rwagasore aliwekwa kizuizini wakati uchaguzi wa tarafa ukifanyika. PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA viti 545 tu. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa bunge uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, mizani iligeuka: UPRONA ilitwaa viti 58 kati ya 64. Siku chache baadaye Rwagasore akawa waziri mkuu.

Hakudumu madarakani hata wiki tatu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, akiwa mkahawani kando ya Ziwa Tanganyika mjini Usumbura, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Viongozi wa PDC waliopatikana na hatia ya kupanga njama hiyo, wakiwemo Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Birori, walinyongwa hadharani Januari 1963 mjini Gitega, mji uleule alikozaliwa Rwagasore.

Adhabu hizo hazikuziba pengo. Kiti chake kilirithiwa na shemeji yake, André Muhirwa, na haukupita muda mrefu UPRONA ikagawanyika kwa misingi ya Uhutu na Ututsi. Jina la Rwagasore limebaki katika barabara na shule. Umoja alioujenga, ulioanza kwa watu wa makabila na dini tofauti kuchangia mtaji mmoja, haukupata mwingine wa kuushika kwa mkono uleule.