Mfinyanzi wa Fumba: Maisha ya Siti binti Saad

Najua wenzangu wataandika habari za walimu wetu, za mpira na za mabwenini. Mimi naomba niandike habari za mtu ambaye hakupata kukaa darasani, lakini alinifunza somo ambalo sijalisahau. Mtu huyo ni hayati Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja.

Nilikutana naye kitabuni, tulipokuwa tukisoma Minaki, katika Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Wakati huo nilikuwa na siri moja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Kila Jumamosi alitoka kijijini na vyungu kichwani kwenda kuviuza Kisarawe mjini. Jumamosi moja nilipita hapo na wenzangu, nikamwona ameketi kando ya vyungu vyake. Naye aliniona. Niligeuza uso nikapita kama nisiyemjua, wala hakuniita. Basi mwalimu alipotueleza kwamba mwanamke huyu mashuhuri alianza maisha kwa kuuza vyungu, niliinamisha kichwa.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili wazaliwa wa Unguja, watu wa daraja la chini katika nchi iliyokuwa bado na utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anavibeba vyungu kwa miguu hadi mjini akivinadi. Sauti ile ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuke kumtazama.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Hapo Ali Muhsin, mpiga udi, alimfundisha kuimba pamoja na ala. Baadaye akawa na kundi lake la kina Subeti bin Ambar, Mbaruk, Buda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban. Hakujua kusoma wala kuandika, hivyo kila alichokiimba alikihifadhi moyoni.

Tukumbuke kwamba wakati huo shule yetu nayo ilikuwa hukohuko Unguja, pale Kiungani, kabla ya kuvuka bahari kuja Minaki katika miaka ya 1920. Wanafunzi wake wa kwanza kabisa walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kwa hiyo asili ya shule yetu na asili ya Siti haziko mbali.

Taarabu ililetwa Unguja kutoka Misri katika zama za Sayyid Barghash. Ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe. Wapo waliomkejeli kwa sura yake na kwa ukoo wake. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu pasipo akili.

Hakuogopa kuwasema wakubwa pia. Wimbo wake wa Kijiti wahusu mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja akauawa. Muuaji alitorokea bara, na wenyeji waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kosa la pombe. Waliodhulumiwa hawakuwa na gazeti la kuwasemea. Walikuwa na Siti.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay yeye na kundi lake kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sisi tuliozoea kuteremka Dar es Salaam kutazama sinema za Kihindi tulizijua sauti za Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar bila kuziona nyuso zao, kwa kuwa wao waliimba na wachezaji wakachezesha midomo tu. Lakini Siti alifika Bombay miaka mitatu kabla India haijatoa sinema yake ya kwanza yenye sauti, mwaka 1931. Kufikia mwaka huo, santuri za Kiswahili zaidi ya 70,000 za kampuni ile zilikuwa zimekwisha kuuzwa Afrika Mashariki. Mtu wa bara ambaye hakupata kuiona Unguja aliisikia sauti ya mfinyanzi wa Fumba mkahawani, akiwa na kikombe chake cha kahawa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Katika miaka ya 1980 chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake kililiita Sauti ya Siti.

Sasa nirudi kwa bibi yangu. Jumamosi iliyofuata somo lile niliomba ruhusa nikaenda Kisarawe peke yangu. Nilikaa naye hadi jioni nikiwapokea wateja, na wenzangu walipopita niliwaita nikawaambia huyu ni bibi yangu. Habari ya Jumamosi ile nyingine hakuitaja kamwe, wala mimi sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Alifariki nikiwa kidato cha sita. Hapa Kibaha ninapoishi ninao mtungi mmoja alioufinyanga, nao bado unapoza maji.

Ndugu zangu wanafunzi mlioko madarasani leo, wapo kati yenu wanaosomeshwa kwa vyungu, kwa mkaa au kwa mihogo ya kuchoma. Siku ya wazazi ikifika, mpokeeni mama yenu getini, mpokeeni na mzigo wake, mtembee naye mbele ya wenzenu wote.