Mikono Iliyobeba Kifo

Soma: Hesabu 19:11–19, 2 Samweli 12:1–13, Mithali 12:1.

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, Hungaria. Mwaka 1846 alianza kazi katika hospitali kuu ya Vienna, iliyokuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Katika wodi ya madaktari, karibu mama 1 kati ya 10 alikufa kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga vifo vilikuwa vichache zaidi. Akina mama walijua hivyo, nao walisihi kwa machozi wasipelekwe kwa madaktari.

Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Akaugua na kufa akiwa na dalili zilezile za akina mama wale. Hapo Semmelweis akaelewa. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Wakunga hawakupasua maiti. Mikono iliyokuja kuokoa ndiyo iliyobeba kifo.

Mwezi Mei aliagiza kila mmoja anawe kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa mama 18 hivi kati ya 100. Mwezi Juni walikufa 2 hivi. Baadaye alidai vyombo pia visafishwe, na alipohamia Pest alipigania mashuka safi.

Madaktari wengi walikataa. Kukubali kungekuwa kukiri kwamba wao wenyewe waliwaua wagonjwa wao. Semmelweis alikiri kwamba hata yeye alikuwa na hatia hiyo. Lakini alipozidi kupingwa alijaa uchungu, akawaandikia wapinzani wake barua kali akiwaita wauaji, na mioyo yao ikazidi kuwa migumu. Mwaka 1865 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baada ya majuma mawili hivi akafa kwa jeraha lililooza, akiwa na miaka 47.

Karne nyingi kabla yake, Bwana aliwaagiza Israeli kwamba aliyegusa maiti atakuwa najisi siku 7, afue nguo zake na kuoga. Hata chombo kilichoachwa bila kifuniko katika hema ya mfu kilihesabiwa najisi. Agizo hilo lilihusu utakaso mbele za Mungu, lakini pia liliwakinga watu wake.

Kunawa si kazi ngumu. Kilicho kigumu ni kukubali kwamba mikono yetu ni michafu. Daudi alipoonywa na Nathani hakujitetea, aliungama, akasamehewa.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni vigumu kupokea maonyo hasa pale tulipodhani tunatenda mema?

2. Nathani alimwonya Daudi kwa njia gani? Linganisha na barua za Semmelweis.

3. Tunapowatembelea wagonjwa hospitalini, tufanye nini ili tusiwapelekee madhara, kwa mikono yetu au kwa maneno yetu?