Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja. Hata hivyo akawa daktari mpasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe tayani, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye, huko Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna hiyo. Ilikuwa kansa, nayo iliua upesi. Ilitoka wapi?

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu. Walipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali. Penye joto na mvua, penye malaria nyingi, watoto waliugua. Penye milima mirefu ya baridi, hawakuugua.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 Daktari Anthony Epstein na wenzake waliona virusi ndani yake. Virusi ni vijidudu vidogo mno. Watu wengi wanavyo hivi bila kuugua kansa. Lakini malaria ikimwandama mtoto, hatari huongezeka.

Burkitt, ingawa alikuwa mpasuaji, aliweka kisu kando akajaribu dawa. Baadhi ya watoto wakapona kabisa. Alifariki mwaka 1993.