Idi Amin, Mtawala Aliyejivika Kilemba

Kila uchaguzi unapokaribia, kuta za magorofa ya Pipeline, hapa Embakasi, hubandikwa picha za wagombea hata rangi ya ukuta isionekane. Picha zenyewe hazinishughulishi sana. Kinachonishughulisha, maadamu kazi yangu ni kufundisha isimu, ni maneno yanayoandamana nazo. Mtu ambaye jana alikuwa jirani tu, leo ni Mheshimiwa, Jemadari, Simba na Mkombozi wa wanyonge, ilhali akina mama wa mtaa huo huo wangali wakipanda ngazi na madumu ya maji. Swali ambalo ningependa tulitafakari, walimu wenzangu na wanafunzi, ni hili: sifa hizo hutoka kwa nani, na mwisho wake huwa nini?

Jibu haliko mbali. Si mwendo mrefu kutoka Pipeline hadi uwanja wa ndege ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta na ambao hapo zamani ukiitwa Embakasi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ndege za kijeshi za Israeli zilitua hapo kujaza mafuta zikitoka Entebbe, Uganda, zilikokwenda kuwaokoa mateka. Aliyefedheheka usiku huo alikuwa Idi Amin Dada, nao wengi waliolipia fedheha yake walikuwa watu wasiohusika hata kidogo.

Amin alizaliwa yapata mwaka 1925, baba yake akiwa Mkakwa. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Mwaka 1946 aliingia jeshi la wakoloni, King's African Rifles, akatumikia hata hapa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na kwa miaka mingi akawa bingwa wa ndondi nchini Uganda. Mwaka 1962, kabla tu ya uhuru wa Uganda, askari aliowaongoza walituhumiwa kuwaua Waturkana kaskazini mwa Kenya. Hakufikishwa kizimbani. Badala yake alizidi kupandishwa vyeo, kwa kuwa Milton Obote alimhitaji; na mwaka 1966 Obote alimtumia kulishambulia kasri la Kabaka Mutesa. Hilo ni funzo la kwanza: kabla mtu hajajikweza, aghalabu huwa amekwezwa na wengine.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin aliipindua serikali. Watu wa Kampala walimiminika barabarani wakishangilia. Amin aliwaambia kwamba yeye ni mwanajeshi tu, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi ungefanyika. Uchaguzi haukuja. Kilichokuja ni majina.

Hapa naomba ruhusa ya kuingiza taaluma yangu. Wanasaikolojia wana jina la tabia ya mtu kujiabudu, nalo walilitoa katika kisa cha Wayunani cha kijana Narcissus, aliyeuona uso wake majini, akaupenda hata akafa. Mimi si tabibu wa akili, wala sitadai kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa. Lakini Kiswahili kina kipimo chake, nacho ni kiambishi kidogo -ji-. Kusifu huhitaji watu wawili. Kujisifu humtosha mmoja. Ndivyo ilivyo kwa kukweza na kujikweza, kutukuza na kujitukuza. Cheo, kwa asili yake, ni neno ambalo wengine humpa mtu, na kwa sababu hiyo wanaweza kumnyang'anya. Anayejipa cheo mwenyewe huwa amewaondoa hao wengine katika sentensi.

Tazama mfuatano wake. Mwaka 1975, Kampala ikiwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Amin alijipandisha kuwa Field Marshal, na akabebwa kitini na wafanyabiashara Waingereza mbele ya wageni. Juni 1976 akawa rais wa maisha. Uingereza ilipovunja uhusiano na Uganda mwaka huo huo, alijitangaza Mshindi wa Dola ya Uingereza. Alijivika nishani ambazo hakuzipata vitani. Alijipatia pia shahada ya udaktari wa sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere. Yeye ambaye utawala wake ulimkamata Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, ndani ya jengo la mahakama mwezi Septemba 1972, asionekane tena, na muda si muda akatoweka Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Makerere yenyewe. Wasomi waliobaki waliielewa bei ya kunyamaza na bei ya kusema.

Hata kioo alitaka kiseme ayapendayo. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu kumhusu, ambayo Amin mwenyewe alikuwa ameshiriki kwa furaha. Alipopashwa habari kwamba toleo lililoonyeshwa Ulaya lilikuwa na sehemu za kumwaibisha, aliwazuilia Wafaransa waliokuwa Kampala mpaka sehemu hizo zikakatwa.

Ulimwengu ulicheka. Magazeti yaliandika juu ya vituko vyake, na kicheko hicho kikawa pazia. Nyuma yake walikuwamo Waasia waliopewa siku 90 kuihama Uganda mwezi Agosti 1972, askofu mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977, na maelfu ya wakulima, askari na walimu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Makadirio ya waliouawa katika miaka yake minane ni kati ya 80,000 na 300,000.

Sisi Wakenya nasi tulicheka, hadi Februari 1976 alipodai kwamba eneo kubwa la magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, lilikuwa mali ya Uganda. Miezi mitano baadaye ndipo zikaja ndege za Entebbe. Alipoaibishwa, hasira yake ilimwangukia ajuza Dora Bloch, mateka aliyekuwa ameachwa hospitalini Mulago, pamoja na mamia ya Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, ambao kosa lao lilikuwa nchi walikozaliwa. Anayejiabudu hawezi kustahimili aibu. Lazima apatikane mwingine wa kuibeba.

Lugha yetu nayo ilitiwa doa. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Uamuzi huo ungeweza kuwa baraka, lau si kwamba raia wengi walikisikia Kiswahili hicho vinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa miaka mingi baadaye, wengi nchini humo walikiona kuwa lugha ya bunduki.

Mwisho wake unajulikana. Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia Kagera. Watu wakiwa wanauawa, yeye alipendekeza apambane na Mwalimu Nyerere katika ulingo wa ndondi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Kampala. Rais wa maisha alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila ya kusimama mbele ya hakimu yeyote.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, masomo yalisimamishwa ili tufundishwe nyimbo za kumsifu kiongozi aliyetarajiwa kupita. Tulisimama kando ya barabara tangu asubuhi, na alasiri magari yakapita kasi bila ya kupunguza mwendo. Walimu wetu hawakuwa wabaya, waliogopa. Lakini siku ile tulifundishwa somo la kumvika mtu kilemba cha ukoka, na tulilielewa vyema kuliko hesabu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa leo wasilifundishe tena somo hilo. Mgombea akija shuleni, aulizwe maswali badala ya kuimbiwa. Na mwanafunzi anayelipwa kubandika picha ukutani asome kwanza maneno yaliyo chini yake, kisha aulize ni nani aliyempa mtu huyo cheo hicho. Kiambishi -ji- chenyewe hakina hatia. Kimo pia katika kujihoji, kujizuia na kujirudi, vitenzi ambavyo Amin hakuvitumia, na ambavyo tuna haki ya kuvidai kwa kila anayetaka kututawala.