Abu Kamil: Mhasibu wa Misri aliyepata majibu 2,676 kwa swali moja

HEBU jione uko Gachoka, kule Mbeere Kusini, kaunti ya Embu. Umetoka Nairobi, umefika ushago jana tu, na shosho hakupi hata nafasi ya kunyoosha miguu. Anakutuma sokoni na shilingi 200. Anataka matunda 20, si 19 wala 21, na yawe ya aina tatu: maembe, machungwa na ndizi. Tuseme embe ni shilingi 20, chungwa 10, ndizi 5. Chenji hataki. Pesa ziishe zote.

Unakuna kichwa kidogo, kisha unanunua maembe 5, machungwa 5 na ndizi 10. Piga hesabu: 100, 50, 50. Imetoka sawa! Unarudi nyumbani umejaa sifa. Kumbe binamu yako naye alipewa kazi hiyohiyo, na amerudi na maembe 2, machungwa 14 na ndizi 4. Yake pia ni matunda 20 kwa shilingi 200.

Sasa nani amekosea? Hakuna.

Shuleni tumezoea kwamba hesabu ina jibu moja, na mwenye jibu tofauti anapata mkasi. Lakini hapa unatafuta vitu vitatu usivyovijua, na umepewa masharti mawili pekee: idadi na bei. Masharti yakiwa machache kuliko vinavyotafutwa, swali linabaki na nafasi ya kupumua.

Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita kuna mtu aliyekaa chini akachunguza maswali ya aina hii kwa kina. Na usidhani alikuwa wa mbali sana nasi. Alikuwa Mwafrika, na jina lake karibu lote unalielewa tayari.

Aliitwa Abu Kamil Shuja ibn Aslam. Shuja ndilo neno letu shujaa. Watu walimwita pia al-Hasib al-Misri. Hasib linatoka kwenye shina lilelile lililotupa hesabu na mhasibu, na Misri ni Misri ileile unayoijua. Kwa hiyo huyu ni Shujaa, Mhasibu wa Misri. Inakadiriwa alizaliwa mwaka wa 850 hivi na kufariki karibu na 930.

Ujana wake uliangukia enzi za Ahmad ibn Tulun, aliyeanza kuitawala Misri mwaka wa 868 na kujenga ule msikiti mkubwa unaosimama Cairo hadi leo. Lakini Abu Kamil hakukumbukwa kwa siasa wala kwa mali. Alikumbukwa kwa vitabu.

Kabla yake, huko Baghdad, al-Khwarizmi alikuwa ameandika kitabu kilichoipa dunia neno aljebra. Abu Kamil alikichukua akakipeleka mbele. Namba kama kipeuo cha pili cha 2, ambazo desimali zake hazina mwisho wala mpangilio, wengi waliomtangulia walikuwa wakizikwepa. Yeye alizitumia bila woga. Aliandika pia kuhusu kugawa urithi kwa aljebra, na kuhusu maumbo ya pembe tano na kumi.

Na hakuwa mtu wa kuiba sifa. Mtu mmoja alipojitokeza kudai kwamba babu yake ndiye aliyemtangulia al-Khwarizmi katika aljebra, Abu Kamil alimpinga kwa maandishi na kumtetea mzee wa Baghdad. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

Turudi kwa swali letu la sokoni. Wakati huo watu walipenda kutegana kwa chemshabongo ya ndege: una dirhamu 100, nunua ndege 100 wa aina kadhaa, kila aina na bei yake. Wasomi walitegana, na watu wa kawaida nao walitegana. Mtu akibahatisha jibu moja, anapigiwa makofi na mchezo unaisha.

Hilo ndilo lililomkera Abu Kamil. Aliona watu wanajibu kwa kubahatisha, bila njia. Siku moja akachukua swali moja la aina hiyo na kukataa kutosheka na jibu la kwanza. Akapata la pili, la tatu, akaendelea. Ndege walikuwa wa aina tano, kuanzia bata wa dirhamu 2 hadi ndege wadogo waliouzwa wanne kwa dirhamu 1. Aliposimama, alikuwa amehesabu majibu 2,676. Bila kompyuta, bila kikokotoo.

Unadhani alishangiliwa? Wapi! Alipowasimulia watu, wale wasiomjua walimdharau na kumshuku. Fikiria wewe ndiye uliyeketi na swali hadi ukaona mwisho wake, halafu mtaa mzima unakuona muongo.

Hakugombana nao. Aliandika kitabu kidogo, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Kitabu cha Mambo Adimu ya Hesabu, ili kila mtu aione njia mwenyewe. Ndani aliweka maswali sita ya ndege. La kwanza: bata ni dirhamu 5, kuku ni dirhamu 1, shomoro ni 20 kwa dirhamu 1. Jibu ni moja tu: bata 19, kuku 1, shomoro 80. Swali jingine lina majibu sita. Jingine halina jibu hata moja. La mwisho ndilo lile la 2,676. Maswali yote yanafanana kwa sura, na ndiyo maana kubahatisha hakutoshi. Huwezi kujua uko kwenye swali gani mpaka ulifanyie kazi.

Na njia yenyewe si uchawi. Irudishe Gachoka. Anza na machungwa 20: ni shilingi 200 kamili. Ukitoa chungwa moja ukaweka embe, umeongeza shilingi 10. Ili kuzirudisha, toa machungwa mawili mengine uweke ndizi mbili. Kwa hiyo kila embe linakuja na ndizi mbili na kuondoa machungwa matatu. Embe 1, machungwa 17, ndizi 2. Maembe 2, machungwa 14, ndizi 4. Endelea hivyo hadi maembe 6, machungwa 2, ndizi 12. Embe la saba haliwezekani, machungwa yamekwisha. Majibu ni sita, na sasa huhitaji kubahatisha. Unajua yote, na unajua hakuna mengine.

Kazi yake ilisafiri. Mwaka wa 1202 Fibonacci wa Pisa, Italia, aliandika kitabu chake maarufu cha hesabu, na wanahistoria wanaona mkono wa Abu Kamil ndani yake. Ibn Khaldun naye, katika karne ya 14, alimtaja kuwa wa pili kuandika kuhusu aljebra baada ya al-Khwarizmi. Mwaka wa 1910 Heinrich Suter alikitoa kile kitabu cha ndege kwa Kijerumani, na wataalamu wakakihakiki upya.

Walipohesabu, walikuta swali lile la mwisho lina majibu 2,678. Mhasibu wa Misri aliyakosa mawili. Lakini ona jambo moja: tunaweza kumsahihisha kwa sababu alituachia njia. Wale waliobahatisha hawakuacha chochote cha kusahihishwa.

Kabla hujafunga simu, jaribu hili kutoka kwa kitabu cha Fibonacci: nunua ndege 30 kwa pesa 30. Kwale ni pesa 3, njiwa ni 2, na shomoro ni wawili kwa pesa 1. Lazima kila aina iwepo. Ukipata jibu moja, usikimbie kulitangaza. Angalia kwanza kama liko peke yake.