Kang Shu, mtoto wa tisa aliyepewa inchi ya waasi

Jina la Confucius wengi wetu tumelisikia katika masomo. Lakini Kang Shu, nani anamjua? Ni yeye aliyeanzisha inchi ya Wei katika China ya zamani, sasa ni zaidi ya miaka 3000. Kwa kadiri ni kama wakati wa Samweli na Sauli katika Biblia. Tumemchagua juu ya sababu moja: alipewa kazi ambayo wakubwa wake walikuwa wamekwisha kuiharibu, nayo ilikuwa kazi ya kutawala watu walioshindwa vitani, wenye uchungu moyoni.

Jina lake mwenyewe lilikuwa Feng. Kang ni mahali alipotawala mbele ya kupewa Wei, na Shu ni neno la kumwita ndugu aliye mdogo katika uzazi. Baba yake, mfalme Wen wa watu wa Zhou, alizaa na mama Tai Si watoto wanaume kumi, na Feng alikuwa wa tisa. Sisi tunaotoka katika jamaa kubwa tunajua namna mtoto wa tisa anavyohesabiwa! Karibu mwaka 1045 mbele ya Kristo, mkubwa wake mfalme Wu alipiga ufalme wa Shang, akaushinda, akagawia ndugu zake inchi. Feng hakupata kitu siku ile. Sima Qian, aliyeandika historia ya China karibu mwaka 100 mbele ya Kristo, asema ni kwa sababu alikuwa bado mdogo.

Mfalme Wu hakumaliza jamaa yote ya adui. Wu Geng, mwana wa mfalme aliyeshindwa, aliachwa akae kati ya watu wake wa Shang, na ndugu za mfalme, Guan Shu na Cai Shu, wakawekwa karibu naye kumchunga. Miaka haikuwa mingi, mfalme Wu akafa. Mwana wake Cheng alikuwa bado kijana, basi baba yake mdogo, jina lake Dan, ambaye historia inamwita Zhou Gong, akashika serikali kwa ajili yake. Hapo wivu ukaingia. Guan Shu na Cai Shu wakasema Dan anataka kukamata kiti cha mtoto. Wakaungana na nani? Na yule yule Wu Geng waliyetumwa kumchunga. Vita ikawaka. Dan akashinda, Wu Geng na Guan Shu wakauawa, Cai Shu akapelekwa mbali katika uhamisho. Fikirini mama Tai Si, kama alikuwa bado hai: tumbo moja, na watoto wanauana.

Basi ile inchi ya uasi ndiyo Feng alipewa. Sehemu ya watu wa Shang walitiwa chini ya Weizi, ndugu wa mfalme wao wa mwisho, katika inchi ya Song. Waliobaki wakawa wa Feng. Akakaa Zhaoge, mji ule ule wa mfalme wa Shang, upande wa kaskazini wa jimbo la Henan la leo. Alipewa gari kubwa la farasi, bendera, kengele, na jamaa saba za watu wa Shang. Tena aliagizwa kufuata desturi za utawala za Shang, lakini kupima mipaka ya mashamba kwa namna ya Zhou. Ndiyo kusema, hakwenda kufuta kila kitu cha wenyeji.

Katika Shujing, kitabu cha maandiko ya kale ya Wachina, kuko maagizo matatu aliyopewa mbele ya kwenda. Mapokeo yasema Dan ndiye aliyeyatoa; wengine wanafikiri ni mfalme Wu. Feng aliagizwa kutafuta wazee wenye akili wa Shang na kujifunza kwao. Aliagizwa kuchunga watu sawa vile mtu anavyochunga mtoto mchanga. Juu ya mashauri, alipaswa kutenga mtu aliyekosa kwa bahati mbaya na mtu anayekosa kwa makusudi: kosa kubwa la yule wa kwanza linaweza kusamehewa, lakini kosa dogo la yule wa pili haliwezi. Na mfungwa akikiri, Feng asikate neno upesi. Awaze siku tano, sita, hata siku kumi. Siku kumi kwa mfungwa mmoja, ambaye ni adui wa jana!

Agizo la pili ni juu ya pombe. Watu wa Zhou waliamini ulevi wa wakubwa ndio uliovunja Shang, na kweli katika makaburi ya wakubwa wa Shang wamefukua vyombo vingi vya shaba vya kunywea pombe. Feng aliambiwa pombe ni ya wakati wa sadaka, tena mtoto aliyetoka kuchuruza akirudi anaweza kuwaandalia wazazi. Wale wanaokusanyika kunywa wafungwe na kupelekwa Zhou wauawe. Neno hili ni kali sana, hata sisi wa shule ambapo pombe imekatazwa hatuwezi kulikubali. Lakini angalieni: wafafanuzi wengi wanaelewa kwamba hao ni watu wa Zhou, watu wa kwao Feng. Wakubwa na mafundi wa Shang wakilewa, hapana kuwaua mara moja, kwanza wafundishwe. Yaani mshindi anabeba sheria nzito kuliko mshindwa. Tulisoma hapo mara mbili.

Agizo la tatu ni fupi kwetu: mtu akiisha kulima shamba jipya, abakie kuchimba mifereji, akiisha kusimamisha ukuta, apake na kuezeka. Vita ilikuwa imekwisha, kazi ilikuwa bado.

Feng alikwenda, akatawala, na Sima Qian asema watu wa Shang walifurahi naye sana. Mfalme Cheng alipokuwa mtu mzima alimwita na kumweka mkubwa wa mashauri ya hukumu katika ufalme wote. Kisha kufa kwake mwana wake Kang Bo akashika Wei. Confucius mwenyewe alikaa huko mara nyingi katika safari zake. Falme nyingine za Zhou zikaanguka moja moja, Wei ikabaki, ndogo sana lakini iko, mpaka mwaka 209 mbele ya Kristo.

Tangu mwaka 1977 chombo kimoja cha shaba kiko London, katika British Museum. Ndani yake maandishi machache yasema mfalme alipiga mji wa Shang, akamwagiza mtawala wa Kang kukaa Wei. Aliyekitengenezesha ni mtumishi mmoja wa wakati ule, kwa ukumbusho wa baba yake.