Maisha ya Mwandishi: Okot p'Bitek (1931–1982)

Mpenzi mwanafunzi, kabla hujaingia katika maudhui, wahusika na mbinu za uandishi za riwaya ya Lak Tar, tenga muda umfahamu aliyeiandika. Usiziruke kurasa hizi kwa kudhani kwamba hazitahiniwi. Hutaulizwa uorodheshe tarehe za maisha ya Okot p'Bitek, lakini huenda ukaulizwa ni kwa nini riwaya yenye dhiki nyingi inachekesha, na hapo ndipo maisha ya mwandishi yatakapokufaa.

Onyo moja mapema. Sisi wasahihishaji hukutana na watahiniwa wanaochukua maisha ya mwandishi na kuyabandika juu ya mhusika, kana kwamba Okot na Okeca ni mtu mmoja. Soma sehemu hii ukiwa na kalamu. Kila unapoona mwaka, uandike pembeni. Tutauhitaji mwishoni.

Riwaya kwa ufupi

Mhusika mkuu ni Okeca Ladwong, kijana wa Kiacholi kutoka kaskazini mwa Uganda. Baba yake anafariki yeye akiwa bado mdogo. Anapokua anampenda msichana aitwaye Cecilia Laliya, naye msichana anakubali. Kinachobaki ni mahari, na mahari ni kubwa. Kwa desturi, kijana husaidiwa na wazee wa nyumba yake kutoa mahari. Lakini Okeca hana baba, na baba wa kambo hamsaidii. Jamaa wengine nao hawanyoshi mkono. Basi Okeca anafunga safari hadi Kampala kutafuta pesa, kisha anafanya kazi katika mashamba ya miwa karibu na Jinja. Anarudi nyumbani na akiba isiyotosha hata nusu ya mahari, na hata hiyo anaipoteza njiani. Tunamwacha akitembea kwa miguu kuelekea kwao, mikono mitupu.

Ukiusoma muhtasari huo peke yake, utadhani ni kisa cha kuliza. Sasa tazama anwani. Jina kamili la riwaya kwa Kiacholi limejengwa juu ya msemo usemao kwamba meno kuwa meupe ndiko kunakowafanya watu wacheke duniani. Ikiwa wewe ni mzaliwa wa Kisumu, Siaya au Homa Bay, neno lak halikuhitaji mkalimani, kwa kuwa Kiacholi na Dholuo ni ndugu wa ukoo mmoja wa lugha. Meno huonekana kwa nje, ilhali kilichomo moyoni hakionekani. Hiyo ndiyo kejeli ya kwanza ya riwaya, nayo imekaa juu ya jalada.

Kuzaliwa na malezi

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, Opi Jebedayo, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyejulikana sana katika eneo lake. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa kati ya kitabu na wimbo.

Zingatia jambo hili: Okot hakuwa mtoto wa kambo. Alikuwa na baba na mama, na wote wawili walimwachia urithi wa maneno. Hata hivyo, katika nyimbo za Kiacholi za aina aliyozisikia tangu utotoni, jamii hujicheka na kujikosoa. Mume mzembe huimbwa, mzee bahili huimbwa, na kijana aliyekosa mahari pia huimbwa. Aliyeimbwa huona haya, nao wasikilizaji hucheka huku wakielewa kosa liko wapi. Ndiyo shule ya kwanza ya ucheshi wa Okot.

Shule, ualimu na kitabu cha kwanza

Alisoma Gulu, kisha akajiunga na King's College, Budo, karibu na Kampala. Huko alionyesha kipawa cha muziki na uigizaji, akatunga na kuandaa tamthilia ya nyimbo iitwayo Acan. Baadaye alisomea ualimu Mbarara, akafundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu, na kuongoza kwaya. Alikuwa pia mchezaji hodari wa kandanda.

Mwaka 1953 alichapisha Lak Tar kwa Kiacholi, akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Fikiria: huyo ni kijana anayekuzidi kwa miaka michache tu. Aliandika kwa lugha ya mama yake, kwa wasomaji waliowafahamu watu kama Okeca kwa majina na kwa sura. Miaka hiyo vijana wengi wa Kiacholi walikuwa wakielekea kusini kutafuta vibarua. Mahari ilikuwa imeanza kuhesabiwa kwa pesa taslimu, na pesa hizo hazikupatikana kijijini. Ndipo unapoelewa kwa nini riwaya ina safari ndefu hivyo. Ile njia ya kwenda Kampala na Jinja ilikuwa imekanyagwa na maelfu kabla ya Okeca.

Ng'ambo

Katika miaka ya 1950 Okot alisafiri Uingereza pamoja na timu ya kandanda ya Uganda, timu iliyowashangaza wenyeji kwa kucheza bila viatu. Baada ya mechi alibaki kusoma. Alisomea elimu Bristol, sheria Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Huko Oxford aligundua kwamba baadhi ya wataalamu waliwaeleza Waafrika kwa maneno ya dharau, nao wakiyaita maneno hayo sayansi. Hakunyamaza. Baadaye aliandika vitabu vya kupinga mtazamo huo, hasa kuhusu dini za Kiafrika. Kwa mara nyingine aliona jinsi inavyokuwa mtu kukaa katika nyumba ambayo wenyewe hawamhesabu kuwa mmoja wao. Hali hiyo ndiyo ya mtoto wa kambo: yumo mezani, lakini sahani yake huhesabiwa mwisho.

Kurudi Uganda na kufukuzwa

Alirejea Uganda katika miaka ya 1960, akafundisha Chuo Kikuu cha Makerere na kuandaa tamasha la sanaa mjini Gulu. Mwaka 1966 ulitoka utenzi uliompa sifa duniani, Song of Lawino, ambao baadaye ulifasiriwa kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino. Humo mke wa kijijini analalamika kwamba mumewe, Ocol, amemdharau kwa sababu hakusoma. Angalia uhusiano wake na Lak Tar: Lawino naye ni mtu wa nyumbani aliyesukumwa nje ya nyumba, naye pia anachekesha huku akiumia.

Okot akateuliwa kuongoza Jumba la Maonyesho na Kituo cha Utamaduni cha Uganda. Alileta ngoma na nyimbo za wananchi mahali palipozoea michezo ya kigeni. Lakini alikuwa pia mkosoaji wa wanasiasa, na kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1967 alisafiri Zambia, na kabla hajafika nyumbani akawa ameachishwa kazi. Mtu aliyeandika juu ya kijana aliyenyimwa na nyumba yake sasa alinyimwa na nchi yake.

Kisumu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Okot alikuja Kenya, akapata kazi katika idara ya elimu ya watu wazima ya chuo kikuu cha Nairobi, kituo chake kikiwa Kisumu. Mji huu ulikuwa mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1901, na bandari ya meli zilizovuka kwenda Uganda. Ukisimama ufukweni Kisumu, maji unayoyatazama ndiyo hayo yanayotoka Jinja kuwa mto Nile, karibu na mashamba yale ya miwa ambako Okeca alifanyia kazi. Okot alikuwa ugenini, lakini si mbali na nyumbani. Hata lugha ya sokoni ilikuwa na maneno aliyoyanyonya kwa mama yake.

Hakukaa kulia. Mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa la Kisumu, likawakusanya wachezaji ngoma, waimbaji na wasanii wa eneo la ziwa. Alifanya Kisumu kile alichokifanya Gulu na Kampala: kuwaambia wananchi kwamba sanaa yao si ya kuonewa haya. Mtu aliyefungiwa mlango kwao alikuwa akiwafungulia wengine mlango.

Julai 1969 Tom Mboya, waziri ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, aliuawa Nairobi. Majonzi yaliikumba nchi, hasa pwani hii ya ziwa. Wachambuzi wengi wanakihusisha kifo hicho na utenzi wa Okot, Song of Prisoner. Ulichapishwa mwaka 1971 pamoja na Song of Malaya katika kitabu kimoja, nacho kikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Kabla ya hapo, mwaka 1970, alikuwa ametoa Song of Ocol, jibu la mume kwa Lawino.

Miaka ya mwisho

Okot aliendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970. Idi Amin alitawala Uganda kuanzia 1971, na kurudi kwao hakukuwa rahisi. Mwaka 1974 alitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, na mwaka 1978 mkusanyiko wa hadithi. Mwaka 1979 Amin aling'olewa. Okot alirejea Makerere kufundisha uandishi wa kubuni, lakini hakukaa sana. Alifariki Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Lak Tar ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, miaka 7 baada ya kifo chake, kwa jina White Teeth.

Utumieje ujuzi huu katika mtihani?

Sasa rudi kwenye tarehe ulizoziandika pembeni. Riwaya ni ya 1953. Kufukuzwa kazi ni kwa 1967. Kwa hiyo ukiandika kwamba Okot alitunga Lak Tar kwa sababu ya machungu ya uhamishoni, umekosea kwa miaka 14. Ukweli ni kinyume chake, nao unavutia zaidi: alimhurumia kijana aliyenyimwa kabla yeye mwenyewe hajanyimwa. Aliandika kwa kutazama wengine. Maisha yakaja baadaye yakampitisha njia ileile.

Jambo la pili ni ucheshi. Usiseme kwamba mwandishi anachekesha ili kumfurahisha msomaji, ukaishia hapo. Jiulize kicheko kinamwangukia nani. Okeca anapotoa macho mjini Kampala, tunamcheka yeye kwa ushamba wake. Lakini baba wa kambo na jamaa wanapomgeuzia kisogo, kicheko chetu kinawageukia wazee wanaoheshimu desturi inapowaletea ng'ombe, na kuisahau inapowadai. Hiyo ni tashtiti. Taja aina ya kicheko, taja anayelengwa, kisha toa mfano kutoka riwayani. Jibu la namna hiyo lina uzito.

Jambo la tatu ni mwisho wa riwaya. Watahiniwa wengi hupenda kuleta suluhu. Wataandika kwamba Okeca alipofika nyumbani, baba wa kambo alimkumbatia, wakasameheana. Mwandishi hakuandika hivyo. Alituachia kijana akiwa njiani. Mkono mtupu haulambwi, na hatujui atapokelewa vipi. Kazi yako ni kueleza kwa nini tumeachwa hapo, wala si kumalizia safari kwa niaba ya mwandishi. Pengine Okot alitaka swali limwangukie msomaji: wewe ungekuwa mzee wa nyumba ile, ungemfungulia mlango?

Nawe usilichukulie swali hilo kuwa la kitabuni tu. Darasani mwako huenda yumo anayelelewa na baba au mama wa kambo. Huenda ni wewe. Riwaya hii haisemi kwamba wazazi wa kambo wote ni wabaya, wala haisemi kwamba mtoto aliyenyimwa ameshindwa. Okeca hakufika na mahari, lakini hakuacha kuelekea nyumbani. Okot alifukuzwa kwao, lakini hakuacha kuimba, na kwa miaka kadhaa wimbo huo ulisikika hapa hapa Kisumu.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi anwani ya Lak Tar inavyojenga kinaya katika riwaya. (alama 4)
2. Mwandishi anawacheka wazee zaidi kuliko anavyomcheka Okeca. Thibitisha au upinge kauli hii kwa mifano. (alama 10)
3. Linganisha hali ya Okeca na ile ya Lawino kama watu waliosukumwa kando na jamaa zao. (alama 6)
4. Kwa nini ni kosa kudai kwamba Okeca ni Okot mwenyewe? Tumia tarehe mbili kutoka maisha ya mwandishi na jambo moja kuhusu malezi yake. (alama 6)